Hadithi imekwama ukurasa wa 41: ninunue programu gani ya kuipanga?

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma, mchana niko dukani, usiku naandika. Naandika filamu yangu ya kwanza, ya dakika 90. Inamhusu Yudithi, mkulima wa zabibu wa Hombolo, ambaye kaka yake Elisha ameuza kimyakimya shamba la marehemu baba yao kwa mtu anayetaka kulikata viwanja. Nilianza vizuri, lakini nimefika ukurasa wa 41 na sioni njia. Kila sini (tukio la mahali pamoja na wakati mmoja) ninayoongeza naona kama inarudia ile iliyopita. Wenzangu wanasema ninunue Final Draft kwa sababu ina ubao wa kupangia hadithi. Kompyuta yangu ni ya Windows, ya zamani, na hela ni ya mawazo. Je, ninunue? Na hizo programu zinapangaje hadithi?

*Jibu:* Marahaba, mdogo wangu. Kurasa zako 41 ulizonitumia nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Usinunue chochote kwa sasa. Kilichokukwamisha hakimo kwenye kompyuta, na kwa kazi unayotaka kuifanya zipo programu za bure zinazotosha. Wenzako hawakukudanganya kabisa, lakini. Ubao wa kadi ni chombo kizuri sana, na nitakuonyesha unavyotumika kwa hadithi yako mwenyewe, maana maelezo ya juujuu hayatakutoa hapo ulipo.

Nianze na ukurasa. Programu za kuandikia skripti zinajulikana zaidi kwa kupanga ukurasa: kichwa cha sini mahali pake, jina la mhusika katikati, maneno yake chini, yote kwa mwandiko wa Courier wa ukubwa wa 12, ili ukurasa mmoja ukaribie dakika moja ya filamu. Unabonyeza Tab, unabonyeza Enter, kila kitu kinakaa sawa. Kwa anayeanza, unadhifu huo una hatari yake. Sini ambayo haijafikiriwa, ikishapangwa hivyo, inaonekana imekamilika. Macho yanaridhika, unakwenda kwenye inayofuata.

Ndivyo ulivyotoka ukurasa wa 24 hadi wa 41. Yudithi anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anaambiwa arudi Jumatatu. Anakwenda kwa mtendaji wa kata, anaambiwa asubiri. Anakwenda kwa mzee wa ukoo, anaambiwa avumilie. Anakwenda mjini kwa wakili, anatajiwa gharama. Anarudi kwa mwenyekiti. Sini tano, milango minne, na Yudithi wa ukurasa wa 41 anajua kile kile alichokijua ukurasa wa 24, ana kile kile alichokuwa nacho, na anamwogopa yule yule. Mazungumzo yako yana uhai. Yule mzee anayejibu swali la shamba kwa kuuliza kama ng'ombe wameshanyweshwa, nilimwona kabisa amekaa kwenye kigoda. Nadhani ndiyo maana hukugundua mapema. Maneno yalikuwa yanakwenda, hadithi imesimama.

Sasa tuje kwenye kadi. Ukifungua ubao wa kadi katika programu yoyote, utakuta kikaratasi kitupu chenye nafasi ya kichwa na mistari michache. Wengi wanajaza tukio: "Yudithi anakwenda kwa mwenyekiti." Kadi ya namna hiyo haikuambii kitu ambacho skripti haijakuambia. Kwenye kadi andika kilichobadilika. Mimi huandika mambo matatu: mhusika ameingia akitaka nini, amekutana na nini, na anatoka akiwa na nini ambacho hakuwa nacho, au amepoteza nini. Jambo la tatu likikosa cha kuandikwa, sini hiyo haipo bado, hata kama imeshajaza kurasa nne.

Kadi yako ya mwenyekiti, kwa ninavyoisoma skripti, ingekuwa hivi:

*Ofisi ya mwenyekiti wa mtaa. Yudithi analalamika kuhusu shamba. Mwenyekiti anamwambia arudi Jumatatu.*

Itazame na hii:

*Ofisi ya mwenyekiti wa mtaa. Yudithi anataka mwenyekiti amhakikishie kwamba shamba halijauzwa. Mwenyekiti anafungua droo, anamwonyesha karatasi ya mauziano. Yudithi anatoka akijua kwamba mmoja wa mashahidi waliotia dole gumba ni mama yake.*

Ofisi ni ile ile, mwigizaji ni yule yule, gharama ya kupiga picha haijaongezeka. Lakini Yudithi huyu hawezi kukaa akisubiri Jumatatu. Leo hii, kabla jua halijazama, lazima afike nyumbani amtazame mama yake usoni. Na sini hiyo ya nyumbani huna kabisa. Mama yake ulimwacha ukurasa wa 12 akipepeta uwele, na hadi ukurasa wa 41 hajaonekana tena.

Ukishakuwa na kadi kumi za namna hiyo, zisome kwa sauti, na kati ya kadi na kadi tia neno la kuunganisha. Ukiweza kusema "kwa hiyo" au "lakini", kadi mbili zimeshikana. Ukilazimika kusema "halafu", zimekaa jirani tu. Kipimo hiki si changu, waandishi wengi wanakitumia, na sijapata kingine kinachonifumbua macho upesi kama hicho. Yudithi anakwenda kwa mwenyekiti, halafu kwa mtendaji, halafu kwa mzee, halafu kwa wakili, halafu kwa mwenyekiti tena. Ulikwama ukurasa wa 24. Ukurasa wa 41 ndipo ulipochoka. Bibi zetu waliposimulia walisema "basi" kila baada ya sentensi mbili, na ukiisikiliza vizuri ile "basi" yao mara nyingi ilibeba "kwa hiyo": sungura amekula karanga za fisi, basi fisi akaapa. Sikio lako la Kiswahili linajua kazi hii tayari, ni mkono uliosahau kwa sababu ya ofisi nyingi.

Jambo la pili linanigusa zaidi, kwa kuwa nimekulia huku. Umeiweka hadithi Hombolo, kwenye mizabibu, halafu mizabibu umeifanya mapambo. Yudithi anapita katikati ya mistari ya mizabibu akilia, anakaa chini ya mzabibu akiwaza. Sasa kumbuka mzabibu wa Dodoma unavyofanya kazi. Hauzai bila kupogolewa. Ukishaupogoa, kutoka siku ile hadi kuvuna ni kama miezi minne, ndiyo maana mkoa huu unavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida kati ya mwezi wa pili na wa tatu, kisha kati ya mwezi wa nane na wa tisa. Hapo una saa ya hadithi umepewa bure na ardhi yenyewe. Mnunuzi ametoa nusu ya fedha. Nusu nyingine ataitoa siku atakapokabidhiwa shamba tupu. Elisha anataka msimu huu mizabibu isipogolewe kabisa. Yudithi akichukua mkasi akaipogoa, amefanya kitendo ambacho hakirudishwi, na miezi minne imeanza kuhesabika. Mtazamaji wa Dodoma atalijua hilo bila kuambiwa, na yule wa Tanga atalijua kwa sentensi moja ya Yudithi kwa kibarua wake.

Kwa hiyo kabla ya kadi arobaini, tengeneza tano tu. Mimi naziita nguzo. Nakuwekea zangu kwa hadithi yako, uzibadilishe utakavyo, ila uone zinavyoegemeana.

Nguzo ya kwanza: Yudithi yuko shambani asubuhi na mkasi wa kupogolea, anamsubiri Elisha alete hela ya vibarua. Badala ya Elisha wanakuja vijana wawili na mfuko wa saruji, wanachimba kuweka bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja. Ya pili, karibu na ukurasa wa 20 hadi wa 25: Yudithi anapogoa shamba lote, akisaidiwa na majirani, akijua kaka yake amemkataza. Ya tatu, karibu na ukurasa wa 45, katikati kabisa: baraza la kata.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kwenye maelezo uliyoniandikia mwishoni umepanga baraza la kata limpe Yudithi ushindi. Haliwezi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata katika migogoro ya ardhi linapatanisha tu. Anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtazamaji mmoja aliyewahi kupeleka kesi ya mpaka atakukamata hapo. Lakini ona zawadi iliyomo. Kupatanisha maana yake Yudithi na Elisha, ambao kwa kurasa 44 wamekuwa wakikwepana, wanakalishwa benchi moja mbele ya wazee na kila mmoja anatakiwa aseme yaliyo moyoni. Hakuna hukumu ya kujifichia. Elisha atalazimika kusema kwa nini aliuza, na hapo ndipo utakapoamua wewe, kwa sababu mpaka sasa Elisha wako ni mbaya tu. Kama ana deni, na mama anajua, na mama alitia dole gumba ili kumwokoa na deni hilo, basi Yudithi anatoka kwenye baraza lile akiwa amepoteza kitu kikubwa kuliko shamba: uhakika kwamba yeye ndiye aliyeonewa peke yake. Katikati ya filamu panahitaji jambo la uzito huo, linalomgeuza mhusika macho.

Nguzo ya nne, karibu na ukurasa wa 65 hadi wa 70: zabibu zinakaribia kuiva, wakili anataka malipo, na Yudithi anachukua hela ya dalali kwa kuuza mavuno kabla hayajavunwa, bila kumwambia mama. Amefanya kile kile alichokifanya kaka yake. Ya tano ni siku ya kuvuna, nani yupo shambani na nani hayupo. Hiyo sikuandikii, ni yako.

Ukurasa wa 25, wa 45, wa 70: namba hizo ni za kupimia, usizifanye amri. Zipo programu zinazokuja na ramani iliyokwishajazwa, yenye vituo kumi na kadhaa, kila kituo na ukurasa wake. Ramani ya namna hiyo itumie baada ya kuandika kadi zako, uone kama kuna mahali pametanuka au pamebanana. Ukiianza nayo, utaanza kutafuta matukio ya kujaza visanduku, na tutarudi pale pale kwenye zile ofisi nne.

Sasa programu zenyewe. Final Draft ubao wake unaitwa Beat Board, ulikuja na toleo la 10 mwaka 2016. Unaandika kadi popote ubaoni bila mpangilio, unazipaka rangi, unazivuta hadi kwenye utepe ulio juu ya skripti, na kila moja unaipangia ukurasa unaotaka itokee. Kwa mtu anayeandika tamthilia ya vipindi vingi na wenzake watatu, au anayefanya kazi na kampuni inayodai faili la aina hiyo, inalipa gharama yake. Wewe leo una hadithi moja na kadi tano.

Kwa kompyuta ya zamani ya Windows ningekuelekeza KIT Scenarist. Ni ya bure, ina sehemu ya kadi na sehemu ya skripti zinazosomana, na haina uzito. Watengenezaji wake wamehamia kwenye programu nyingine, Story Architect, kwa hiyo usitegemee maboresho, lakini kazi yako inaiweza. Trelby nayo ni ya bure na nyepesi mno. Kwa kuandika skripti naipenda, ila ubao wa kadi usiutarajie. Fade In inayo kadi, na toleo lake la majaribio utaweza kulijaribu bila kulipa. Celtx ya zamani, ile ya kusakinisha, ambayo wengi tulijifunzia, haiendelezwi tena; siku hizi Celtx ni ya mtandaoni na ya kulipia, na kwa mtu wa bando la kupima sikushauri.

Scrivener nitaitaja peke yake kwa sababu ya namna inavyohesabu muda wa majaribio. Siku 30 zake ni siku unazoifungua, kwa hiyo mtu kama wewe anayeandika usiku mara tatu kwa wiki anapata zaidi ya miezi miwili. Ubao wake umefanywa kama ubao halisi wa kubandika vikaratasi, na nyuma ya kila kikaratasi kuna ukurasa wa kuandikia sini yenyewe. Ukihamisha kikaratasi, sini nayo imehama. Kwa kupanga tu, sijaona inayoizidi.

Ipo njia nyingine isiyohitaji programu maalumu. Inaitwa Fountain, ni utaratibu wa kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida, hata kwenye Notepad au kwenye simu ukiwa umekaa dukani mteja hayupo. Alama ya reli (#) inaanzisha sehemu kubwa ya hadithi, alama ya sawasawa (=) inaandika muhtasari wa kadi, na mabano mraba mawili yanabeba maelezo yako binafsi. Muhtasari na maelezo hayo hayahesabiwi kuwa skripti. Kadi ya baraza ingekaa hivi:

# KATIKATI

.NDANI. BARAZA LA KATA - ASUBUHI

= Yudithi anataka Elisha aaibike mbele ya wazee. Elisha anataja deni. Yudithi anatoka akijua mama alichagua.

[[Mama yupo chumbani au nje mlangoni? Amua.]]

Iangalie hiyo nukta kabla ya NDANI. Programu hizi zimefundishwa kutambua INT. na EXT. za Kiingereza. Ukiandika NDANI au NJE bila nukta, Fountain itadhani ni maneno ya kawaida, na sini yako haitatokea kwenye orodha wala kwenye kadi. Nimeona vijana wakihangaika siku nzima wakidhani programu imeharibika. Nukta moja mwanzoni mwa mstari inamaliza kazi. Kwenye Final Draft unaingia kwenye orodha ya vianzio vya sini unaongeza NDANI na NJE mara moja, basi. Na faili la Fountain linasomwa na Trelby, na Fade In, na KIT Scenarist, kwa hiyo hujifungi mahali pamoja.

Ukishaziweka kadi zako ndani, zipake rangi, ila usizidishe tatu. Kwako ningetumia rangi moja kwa ugomvi wa shamba, moja kwa Yudithi na mama, moja kwa Yudithi na Elisha. Nilizipaka kadi za kurasa zako 41. Rangi ya mama inatokea mara mbili mwanzoni, kisha hakuna kitu hadi mwisho. Rangi ya Elisha inatokea mara moja. Yaliyobaki yote ni ya shamba. Kwa kusoma kurasa nilihisi tu kwamba kuna kitu kinakosekana. Kwa ubao nilikiona kwa mara moja, kama mtu anavyoona mstari wa mizabibu ulioruka mashimo. Ubao unakusaidia hivyo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kuwa mwangalifu na jambo moja. Kuna programu ambazo kadi ni kikaratasi huru, ukiifuta umefuta wazo tu. Kuna nyingine kadi ndiyo sini yenyewe. Ukiifuta, kurasa zote zilizo nyuma yake zimekwenda. Miaka ya nyuma nilisafisha ubao usiku, nikafuta kadi sita nilizodhani ni za zamani, nikaseva, nikazima. Asubuhi sini sita hazipo, mojawapo ilikuwa imenichukua wiki. Niliiandika upya na haikurudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kabla hujagusa ubao, seva nakala yenye tarehe kwenye jina lake, iweke kwenye flashi, na nyingine jitumie mwenyewe kwa WhatsApp au barua pepe. Sini usiyoitaka usiifute. Tengeneza sehemu mwishoni, iite Ghala, uitupe huko. Yule mzee wa kigoda atahitajika tena, nina hakika. Nahisi mahali pake ni kwenye benchi la baraza.

Halafu kuna salamu. Kwenye skripti yako kila sini ya ofisini inaanza na hodi, karibu, mbukwenyi, habari za huko, habari za watoto, mvua vipi, poleni na jua. Najua kwa nini: ndivyo tunavyoishi, na mtu akiingia kwa mwenyekiti bila salamu tunamwona hana adabu. Nilichukua simu nikapima kwa kusoma kwa sauti: kwa mzee wa ukoo ni sekunde 50 kabla neno shamba halijatajwa. Mara tano, dakika zako nne zimekwenda. Anza sini mtu akiwa ameshakaa. Salamu ibaki pale tu inapobeba kitu. Siku ya baraza, Yudithi akiwasalimu wazee wote kwa mkono, mmoja mmoja, akafika kwa Elisha akampita, salamu hiyo acha ichukue dakika nzima, na kwenye kadi yake iandike kabisa, kwa sababu ndiyo sini yenyewe.

Mwisho, orodha ya mahali. Trelby na nyingine nyingi zinaweza kukutolea taarifa ya sehemu zote ulizotumia na kila moja inatokea mara ngapi. Uliniambia utapiga picha kwa hela yenu wenyewe, wewe na marafiki. Kwa sasa una sehemu 14, nane kati ya hizo zinatokea mara moja tu. Kila moja ya hizo nane ni siku ya kuhamisha watu, kuomba ruhusa, kulisha watu. Ukifuata nguzo zile tano, mtendaji anaweza kukutana na Yudithi shambani kwenye bikoni, na wakili anaweza kuwa sauti kwenye simu. Shamba, nyumba ya mama, ofisi ya mwenyekiti, baraza, kijiwe cha Elisha mjini: hapo una filamu inayopigika, na shamba litaonekana mara nyingi kiasi kwamba mtazamaji ataanza kulipenda.

Kama kompyuta itagoma, nenda steshenari, nunua manila mbili, zikate vipande vya ukubwa wa kiganja, uvipange sakafuni. Nimefanya hivyo mara nyingi, na bado hufanya hivyo kwa nguzo tano za kwanza, kwa sababu kipande cha manila unaweza kukishika mkononi ukazunguka nacho chumbani, ukakirudisha mahali pengine bila kufikiria.

Skripti yenyewe usiifungue kwa wiki mbili. Anza na kadi ya benchi, kwa kuwa ndiyo inayomdai Elisha jibu, kisha rudi nyuma uiandike ile ya mama na dole gumba. Ukiwa na kadi ishirini zilizounganishwa kwa "kwa hiyo" na "lakini", nitumie ubao peke yake bila kurasa. Nataka kujua Elisha alikuwa anadaiwa na nani.